Mbolea ya duka au ya kuku? Udongo wetu wa Lubumbashi

Mvua za Novemba zinakaribia, na katika makutaniko mengi swali ni lile lile: tukope pesa ya mbolea ya duka, au tutumie ya kuku?

Tuanze na udongo. Huu wetu mwekundu wa Lubumbashi una uchachu, na fosforasi iliyomo huishikilia kwa nguvu hata mahindi hayaipati. Urea ina naitrojeni 46 kwa mia. Inainua mahindi upesi, lakini haina fosforasi, na ikirudiwa mwaka kwa mwaka huzidisha uchachu. Mbolea ya kuku inalisha pole pole na kuufanya udongo ushike maji. Taabu yake ni uzito: hekta moja inadai tani nyingi, na usafiri ni pesa.

Huko Chuka na Thika, Kenya, watafiti walianza kulinganisha kilimo cha kawaida na kilimo hai mwaka 2007. Pale udongo ulipolishwa vya kutosha, mavuno ya mahindi yalikaribiana. Kwa hiyo tunaogopa zaidi shamba linalovunwa kila mwaka bila kurudishiwa kitu, mabua nayo yakichomwa.

Mwenye kidogo achanganye: mbolea ya kuku wakati wa kupanda, urea kidogo mahindi yakifika magotini, na chokaa kupunguza uchachu. Mwaka unaofuata apande soya au maharagwe. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi huunguza mbegu. Iache ioze kwanza.