Kupatwa kwa Jua, 8 Aprili 2024

Kupatwa kamili kwa Jua kulionekana Meksiko, Marekani na Kanada. Kipenyo cha Jua ni kikubwa takriban mara 400 kuliko cha Mwezi, lakini Jua liko mbali nasi takriban mara 400 zaidi. Kwa hiyo machoni petu vinalingana. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya Dunia kuzunguka Jua, ndiyo sababu Jua halipatwi kila mwezi.

Buffalo, New York, ilikuwa ndani ya ukanda wa kivuli. Saa 9:18 alasiri giza liliingia, likadumu dakika 3 na sekunde 45 hivi. Mawingu yaliziba mengi, ila giza lenyewe hayakulizuia. Jijini Columbus, Ohio, Jua lilifunikwa zaidi ya asilimia 99 tu, ilhali kitongoji cha jirani cha Dublin kilipata giza kamili. Louisville, Kentucky, ilifikia asilimia 99 hivi. Neno “tu” hapa ni la haki: kipande kinachobaki bado hung'aa kuliko Mwezi mpevu kwa mamia ya mara, korona ya Jua, yaani angahewa yake ya nje, haionekani, na miwani maalumu haivuliwi.

Rujewa, mkoani Mbeya, kulionekana aina nyingine tarehe 1 Septemba 2016: kupatwa kwa kipete. Mwezi ulikuwa mbali zaidi, ukashindwa kulifunika Jua lote, likabaki duara la mwanga.

Buffalo itapata tena giza kamili mwaka 2144.