Njia ya Kale ya Taru: Ushahidi wa Ramani na Majina

Msafiri apitaye nyika kame ya Taru, akisoma kibao cha Mackinnon Road, hudhani njia ile iliasisiwa na William Mackinnon, ambaye kampuni yake ilipata hati ya kifalme mwaka 1888. Ramani zakanusha. Ile ya safari ya Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1883, yaonyesha Taru na Maungu. Kabla yake, mwaka 1848, Rebmann aliivuka nyika akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara. Vituo navyo vyafuata maji: mashimo ya mwamba ya Taru huhifadhi mvua, na Maji ya Chumvi ni jina la Kiswahili. Basi mwanzilishi wa njia hii tusimtafute London.