Kuchuja, kuchambua na kupanga barua pepe: kanuni za sevani na kanuni za kompyutani

kanuni ya kuchambua barua pepe *nm* [i-/zi-] Agizo ambalo mwenye anwani huliandika mara moja, ili kila barua pepe inayotimiza sharti fulani itendewe jambo fulani bila yeye kuigusa: ihamishiwe folda nyingine, iwekwe alama, ielekezwe kwa mtu mwingine au itupwe. Agizo hilo laweza kutekelezwa mahali pawili. Pa kwanza ni sevani, yaani kwenye mtambo wa mtoa huduma unaopokea barua kabla hazijamfikia mwenyewe. Pa pili ni kompyutani, ndani ya programu ya barua pepe iliyosakinishwa humo, kama vile Thunderbird au Outlook.

Makala haya yanaeleza vitenzi vinavyofaa kutumika katika jambo hili, namna ya kutaja mahali kanuni inapotekelezwa, na makosa yanayompotosha msomaji wa maelekezo.

Vitenzi vitatu

*-chuja* ni kutenga kinachotakiwa na kisichotakiwa, hasa kioevu na makapi yake. Tui huchujwa, machicha yakabaki. Chai huchujwa, majani yakabaki. Maana hiyo ndiyo iliyozaa *kura za mchujo*, ambamo wengine hupita na wengine hubaki nje. Katika barua pepe, kitenzi hiki kinafaa pale barua taka zinapozuiwa.

*-chambua* ni kutenganisha vitu vilivyochanganyika ili kila kimoja kiende mahali pake. Msomaji wa Mwanza na Shinyanga anakijua kitenzi hiki kutokana na pamba. Mkulima huichambua nyumbani, pamba safi ikawekwa kando na fifi kando. Baadaye kiwanda huichambua kwa mashine, nyuzi zikatengwa na mbegu: nyuzi hufungwa marobota, mbegu hukamuliwa mafuta. Nyuzi zina kazi na mbegu zina kazi. Hivyo ndivyo kanuni nyingi za barua pepe zinavyofanya: barua za benki huenda folda yake, za wateja huenda yake, na hakuna inayopotea.

*-panga* ni kuweka vitu katika utaratibu. Anayepanga barua kwa tarehe au kwa jina la mtumaji hubadili mfuatano wake tu. Kila barua hubaki katika folda ilimokuwa.

Nomino *kichujio* imekwisha kuzoeleka katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na hakuna haja ya kuiondoa. Hata hivyo, katika maelezo mfasiri achague kitenzi kulingana na tendo. Anayesoma kwamba barua zake "zitachujwa" ana haki ya kuogopa kwamba nyingine zitatupwa.

Kutaja mahali

Mfano wa pamba unatufundisha jambo jingine: zao ni lile lile na kitenzi ni kile kile, lakini kazi hufanyika mahali pawili. Anayesema tu "pamba imechambuliwa" hajatueleza imefika hatua gani. Vivyo hivyo, anayeandika "weka kanuni ya kuchambua barua" hajamweleza msomaji nani atakayeifanya kazi hiyo, seva au kompyuta yake.

Kiswahili kina njia fupi ya kutaja mahali. Jina la Mabatini, kata ya jijini Mwanza, lina umbo hilo hilo: *mabati* na kiambishi *-ni*. Kiambishi hicho hupokewa pia na maneno ya mkopo, kama *ofisini* na *hospitalini*. Kwa hiyo *sevani* na *kompyutani* ni maumbo sahihi. Anayeyaona mageni aandike *kwenye seva* na *kwenye kompyuta*, maana ni ile ile.

Maumbo hayo yana faida kuliko kihusishi *-a* peke yake. "Kanuni za seva" huweza kueleweka kama "kanuni za shule", yaani masharti ambayo seva yenyewe inatakiwa kuyafuata. "Kanuni za sevani" ni zile zilizoko na zinazotekelezwa huko.

Mfasiri atofautishe pia mahali kanuni *inapoandikwa* na mahali *inapotekelezwa*. Mtu anayetumia Outlook pamoja na seva ya Exchange huandika kanuni akiwa kwenye kompyuta yake, lakini nyingi huhifadhiwa na kutekelezwa sevani. Zile zinazohitaji kompyuta, kwa mfano kupiga mlio au kuchapa barua kwenye karatasi, huwekewa maelezo mwishoni mwa jina lake kwamba ni za kompyutani pekee. Kwa hiyo "kanuni iliyowekwa kwenye kompyuta" ni kauli yenye utata. "Kanuni inayotekelezwa kwenye kompyuta" haina utata.

Kwa nini tofauti hii ni kubwa

Tuchukue mfano wa mfasiri anayeishi Mabatini. Kompyuta yake ya mezani iko nyumbani, naye akiwa safarini husoma barua kwa simu. Ameandika kanuni katika programu ya kompyuta kwamba barua zote za wateja zihamishiwe folda iitwayo "Kazi", iliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Siku moja anapanda kivuko kwenda Ukerewe, na mteja anamwandikia kwamba tarehe ya kukabidhi tafsiri imesogezwa mbele kwa siku mbili.

Ikiwa umeme umekatika nyumbani, kanuni haifanyi kazi, kwa kuwa programu haijafunguliwa. Barua inabaki katika kikasha, imechanganyika na matangazo na majarida, na yeye anaipita kwenye simu bila kuiona. Ikiwa umeme upo na programu iko wazi, hali ni mbaya zaidi: barua inahamishiwa folda ya "Kazi" iliyoko Mabatini, nayo inatoweka kwenye simu. Katika hali zote mbili kanuni ilitii ilivyoandikwa. Aliyekosea ni yule aliyemwelekeza namna ya kuiandika bila kumweleza itatekelezwa wapi.

Kanuni hiyo hiyo ingetekelezwa sevani, barua ingechambuliwa mara inapopokelewa, kompyuta ikiwa imewashwa au imezimwa. Folda ya "Kazi" ingekuwa sevani pia, na kwa itifaki ya IMAP ingeonekana sawa kwenye simu na kwenye kompyuta.

Hii haina maana kwamba kanuni za kompyutani hazifai. Zinafaa kwa yale ambayo seva haiwezi kuyafanya: kuhifadhi barua katika folda ya ndani ya kompyuta, kupiga mlio, kuchapa kiambatisho. Pia mtoa huduma mwingine hampi mteja nafasi ya kuandika kanuni sevani, naye hubaki na njia moja tu. Aliye na njia zote mbili asiandike kanuni zinazopingana: ya sevani hutangulia, na ya kompyutani hukuta kile kilichobaki.

Msamiati wa vitendo

Seva nyingi hutumia lugha ya kanuni iitwayo Sieve, jina lenye maana ya chekeche. Ilitangazwa kama kiwango cha intaneti mwaka 2001, na toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 2008. Vitendo vyake vya msingi ni vichache, na kila kimoja kinahitaji kitenzi chake:

*-bakiza*: kuiacha barua katika kikasha. Kanuni isipotaja kitendo kingine, barua hubakizwa. Huu ndio ulinzi wa msomaji.

*-weka katika folda*: kuihamishia barua folda iliyotajwa, nayo ikatoka katika kikasha.

*-elekeza*: kuipeleka barua kwa anwani nyingine kama ilivyo, jina la mtumaji wa awali likibaki. Kisichanganywe na *-sambaza*, ambapo mpokeaji huandika barua mpya yenye ile ya zamani ndani yake.

*-tupa*: kuiondoa barua kimya kimya. Mtumaji haarifiwi, na barua haipiti katika folda ya takataka. Kisitafsiriwe kwa *-futa*, kwa kuwa watumiaji wengi wamezoea kwamba kilichofutwa huweza kurejeshwa kutoka kwenye takataka.

*-simamisha*: kukomesha usomaji wa kanuni. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini. Zilizo chini ya agizo hili hazifikiwi.

Makosa ya kawaida

1. *Sheria* badala ya *kanuni*. Sheria hutungwa na Bunge. Agizo la mtu kwa programu yake ni kanuni.

2. *Programu ya mezani*. Programu hizi hutumika pia katika kompyuta mpakato. Mwenye mpakato huweza kudhani maelekezo hayamhusu. Andika *programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta*.

3. *Barua zitapangwa* kwa maana ya kuhamishwa. Andika *zitachambuliwa*, au taja folda zitakakopelekwa.

4. Kuacha sharti la programu kuwa wazi. Penye kanuni ya kompyutani, ongeza daima: *programu ikiwa imefunguliwa*.

Sentensi za mfano

Kanuni hii hutekelezwa sevani. Huna haja ya kuwasha kompyuta.

Barua za shule zitachambuliwa kompyutani kila utakapofungua programu. Kabla ya hapo zitabaki katika kikasha.

Usiagize barua itupwe mpaka uwe umeijaribu kanuni kwa kuihamishia barua hiyo folda ya muda.

Tazama pia: barua taka, chekecha, chuja, folda, itifaki, kikasha, kiambatisho, seva.