Umri wa Gari Hauhesabiwi Kiwandani

Juma hili naomba tuzungumzie gari. Si gari jipya la mkubwa fulani, bali gari kuukuu linalotoka nyumbani kila alfajiri, likapeleka watoto shuleni, likafika kazini, na jioni likarudi na kiroba cha mchele. Mimi ninalo la namna hiyo, Peugeot 504 iliyotengenezwa mwaka 1982, na kwa miaka tisa sasa ndilo gari langu pekee. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza kwa nini ninajitesa. Mara nyingi nimelijibu swali hilo kwa mzaha. Leo nataka kulijibu kwa historia, kwa sababu jibu lake halinihusu mimi peke yangu.

Tuanze mwaka 1960. Mwaka huo kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilitoa gari la 404, ambalo umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Huku kwetu jina la Kifaransa lilitushinda, tukaliita Pijo, na Pijo likabaki. Sifa zake hazikuletwa na matangazo. Zililetwa na vumbi na matope ya mashindano ya Safari, yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika mwisho magari 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania wakati huo, na mwenzake Chris Rothwell, wote ndani ya 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na safari hiyo pia waliofika walikuwa saba.

Angalia jambo moja hapo. Mashindano yale hayakufanyika katika uwanja uliozungushiwa ukuta. Yalipita katika barabara zilezile alizopita mwalimu, mganga na mfanyabiashara wa pamba. Mtu aliyesimama kando ya njia aliona mwenyewe gari gani limenasa na gari gani limepita. Ndiyo maana watu wa kada ya kati, wale ambao hawakuwa Wabenzi lakini hawakutaka tena kutembea kwa miguu, wakaipenda Pijo.

Lakini ushindi wa mashindano haulifanyi gari liishi miaka arobaini. Siri iko ndani ya injini. Injini ya 404, na baadaye ya 504, haikutobolewa silinda moja kwa moja katika chuma chake kikubwa. Kila silinda ilikuwa na slivu yake, yaani mrija wa chuma unaotoka na kuingia, na maji ya kupoza injini huuzunguka mrija huo kwa nje. Pistoni zikila chuma, fundi anatoa slivu nne za zamani, anaweka nne mpya pamoja na pistoni na ringi zake, na injini imezaliwa upya. Hahitaji kuipeleka injini nzima kwenye mashine kubwa ya kutoboa silinda. Kazi hiyo ilifanyika chini ya mwembe, na mpaka leo inafanyika. Isitoshe, 404 ilikuwa na tundu la hendeli. Betri ikifa porini, ulishuka, ukazungusha kwa mkono, ukaendelea na safari.

Gari la 504 lilitoka mwaka 1968, na mwaka 1969 likachaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya. Nalo likashinda Safari, mwaka 1975 na Ove Andersson, kisha mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lile refu la familia lilikuwa na safu tatu za viti, na nyuma lilibebwa na springi mbili kila upande. Wafaransa walilibuni kwa ajili ya baba, mama na watoto watano. Kenya walilifanya teksi ya masafa marefu. Kwa miaka mingi aliyetaka kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Kisumu au Eldoret upesi alipanda Pijo, na idadi ya waliobanana ndani yake haikutegemea hesabu ya Mfaransa.

Sasa sikiliza tarehe hizi. Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya kawaida mwaka 1983. Nigeria, ambako kiwanda cha Kaduna kilifunguliwa mwaka 1975, waliendelea kuiunganisha hadi mwaka 2006. Kenya waliiunganisha hadi mwaka 2004. Maana yake ni kwamba kwa miaka kama ishirini gari moja lilikuwa la kale Ulaya na jipya Afrika. Spea zilipatikana, mafundi wakalizoea, na kijana aliyejifunza kuifungua injini ile mwaka 1975 alikuwa bado na kazi mwaka 1995.

Hapa kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikakauka. Gari jipya likawa ndoto, na spea nayo ikawa ndoto. Kulikuwa na miaka ambayo Jumapili, ikifika saa nane mchana, magari ya binafsi yalitakiwa kuwa yameegeshwa ili kuokoa mafuta. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na hata mtu aliyeweka bidhaa chache stoo alilala kwa wasiwasi.

Katika miaka hiyo hapakuwa na mtu aliyeendesha gari la zamani kwa kupenda. Aliyekuwa na gari alilinda lile alilokuwa nalo, basi. Hapo ndipo ufundi wetu ulipokomaa. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nene. Bushi zilikerezwa kutoka kwenye vyuma chakavu. Rejeta zilizotoboka zilichomelewa kwa risasi, zikatoboka, zikachomelewa tena. Wazee wa gereji za Gerezani hawakusomea mambo hayo katika kitabu. Waliyasomea katika dhiki, na dhiki ni mwalimu mkali.

Bajeti ya mwaka 1984 ikafungua mlango kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Pikapu zikaingia, na katika miaka ya tisini likafuata wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani. Hapo Pijo ikashindwa. Haikushindwa kwa ubovu. Ilishindwa na duka la spea. Pampu ya maji ya Toyota ilipatikana kila mtaa, ya Pijo ilihitaji safari na bei ya juu. Katika biashara ya usafiri gari linalosubiri spea siku tatu ni hasara, na huko Kenya Pijo za abiria zikaipisha Nissan.

Nami sitaki kukuficha hesabu yangu. Gari langu linakula petroli, lita moja kwa kilomita nane hivi mjini. Halina mifuko ya hewa ya kumkinga abiria, wala kichujio cha moshi kama magari ya sasa. Mwaka jana duka moja liliniuzia pampu ya maji iliyoandikwa kuwa halisi, ikamwaga maji baada ya wiki mbili. Nikaenda kwa fundi wangu Gerezani, mzee aliyepita miaka sabini, akaitoa ile ya zamani aliyokuwa ameiweka kando, akaikerezea bushi mpya, na mpaka leo inafanya kazi. Malipo yake yalikuwa chini ya nusu ya bei ya ile pampu bandia. Kwa hesabu ya mwaka mzima, matengenezo ya gari hili hayajawahi kuzidi mkopo ambao ningelipia gari lingine.

Lakini mzee huyo ana wanawe wawili mafundi, na wote wanatengeneza Toyota. Siwalaumu, riziki iko huko. Ninachojiuliza ni siku mzee atakapoweka spana chini. Ujuzi wake haumo katika maandishi yoyote. Umo katika vidole vyake, na katika sikio linalotambua vali iliyolegea kabla hajafungua boneti.

Na hapa ndipo jambo hili linapokugusa wewe unayenicheka katika foleni. Gari lako unaloliita jipya lilifika bandarini likiwa limetumika Japani miaka saba, minane, pengine zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada. Sheria hizo huhesabu miaka. Haziulizi kama gari linatengenezeka. Gari la leo lina kompyuta ndani yake, na taa ikiwaka kwenye dashibodi fundi wa mtaani hawezi kujua hitilafu mpaka apate mashine ya kuisoma kompyuta hiyo. Asipokuwa nayo anabahatisha, anabadilisha hiki na kile, na wewe unalipa. Yale yenye injini ya petroli na betri kubwa ya umeme kwa pamoja yana mambo mazito zaidi.

Kwa hiyo sisi sote, ndugu msikilizaji, tunaendesha magari ya zamani kila siku. Tofauti ni kwamba langu linafunguka kwa spana namba kumi na tatu, na lako linataka ruhusa ya kompyuta. Pijo iliishi kwa sababu mambo matatu yalikutana: gari lililokubali kufunguliwa, spea zilizopatikana karibu, na fundi aliyejua. Moja likiondoka, chuma kinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Vyuo vyetu vya ufundi viwaite wazee hawa wangali hai, wawaweke mbele ya vijana, na waandike wanayoyasema. Na vijana hao hao wapewe mashine za kusoma kompyuta za magari kwa bei wanayoimudu, ili ujuzi mpya usibaki kwa wachache wenye karakana za vioo. Familia iliyokopa ili inunue gari haiwezi kulitupa kwa sababu ya taa moja ya dashibodi.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.