Mafundi Usiowajua Waliookoa Masikio ya Mastaa: Stori ya Monita za Masikioni

Angalia shoo yoyote kubwa ya live, iwe Dar, Nairobi au London. Staa ana kitu kidogo sikioni, waya mwembamba unapita nyuma ya shingo na kushuka hadi kwenye kiboksi kilichobanwa kiunoni. Mashabiki wengi wanadhani ni iafoni tu kama za simu. Thubutu! Hiyo ni monita ya masikioni, na zile za ukweli zinatengenezwa kwa kalibu ya sikio la mtu mmoja tu. Ukiazima ya mwenzako haikai, na ukiilazimisha inauma.

Stori ya kifaa hiki haina staa. Waliokileta ni mafundi wa sauti, wale jamaa wa fulana nyeusi wanaokaa pembeni ya jukwaa na mashine zao, ambao majina yao hayaandikwi kwenye bango la shoo.

Enzi za kuimba kwa kubahatisha

Rudi nyuma hadi Agosti 1965. The Beatles wapo Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Sauti zao zinapitishwa kwenye spika za uwanja, zile zile za kutangazia mechi. Mashabiki wanapiga mayowe mwanzo mwisho. Jukwaani hakuna spika hata moja ya kuwarudishia wasanii sauti zao wenyewe. Mpiga dramu hasikii kitu, inabidi aangalie wenzake wanavyotikisika ili ajue wimbo umefika wapi.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, bendi hiyo ikaachana kabisa na tour. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kuimba bila kujisikia ilikuwa mojawapo.

Dawa ikaleta ugonjwa mwingine

Suluhisho likawa spika zinazolazwa sakafuni zikimwelekea msanii usoni. Mpaka leo zipo. Zilisaidia, lakini zikaleta vita. Mpiga gitaa akiongeza sauti, mwimbaji naye anataka yake ipande. Mpiga dramu kapotea, anaomba aongezewe. Maiki ikinasa sauti ya spika iliyo mbele yake, inaanza kupiga mluzi ule wa kutoboa ubongo. Fundi anabaki kuhangaika na jukwaa lenye kelele kuliko hata upande wa mashabiki.

Na kelele ina bei yake. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukifika desibeli 100, unabaki na dakika 15 tu. Jukwaa la rock linaweza kuvuka hapo kirahisi, na shoo inachukua saa moja na nusu. Ongeza mazoezi, ongeza tour ya miezi kadhaa. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi. Linabaki kuvuma usiku kucha, na mtu anayeishi kwa muziki anaanza kupoteza noti za juu moja baada ya nyingine.

Mafundi watundu

Miaka ya 1970 kuna mafundi wachache Marekani walianza kujaribu wazo lililoonekana la kichaa: badala ya kuweka spika miguuni, kwa nini isiwekwe ndani ya sikio? Stevie Wonder alikuwa kati ya mastaa wa mwanzo kuingia kwenye mfumo huo. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Uingereza iitwayo Garwood ikawa na mtambo wake wa kurusha sauti kwa mawimbi ya redio hadi kiunoni kwa msanii, na wakaubatiza jina la Radio Station. Msanii sasa anakimbia jukwaa zima bila kuburuta waya, na mchanganyiko wake wa sauti anatembea nao.

Bado kulikuwa na tatizo. Vispika vya wakati huo vilikuwa vinalemewa. Besi, dramu, gitaa na sauti ya mtu vyote vinagombea kutoka kwenye kitobo kimoja.

Hapo ndipo anapoingia fundi wa monita wa bendi ya Van Halen. Mwaka 1995 mpiga dramu wa bendi alikuwa amechoka na kelele za jukwaani na alihitaji kitu kitakacholinda masikio yake bila kumnyima muziki. Fundi hakukipata dukani, akakaa mezani na kuunda mwenyewe. Alichofanya ni kugawa kazi: kispika kimoja kibebe sauti za chini, kingine za juu, vyote vikae ndani ya ganda lililochongwa kwa umbo la sikio la yule mpiga dramu.

Vispika vidogo namna hiyo havikuzaliwa kwenye muziki. Vimetoka kwenye vifaa vya kuwasaidia wenye shida ya kusikia. Hata ufundi wa ganda ulitoka huko huko: kampuni ya Westone ya Colorado, iliyoanza mwaka 1959 na kujijenga kwa kutengeneza vikalio vya masikio kwa ajili ya vifaa hivyo, ilikuja kuwa jina kubwa kwenye monita za wanamuziki. Yaani kifaa cha kumlinda staa asiwe kiziwi kimerithi ujuzi wake kutoka kwa watu ambao tayari hawasikii vizuri. Chukua hiyo.

Wasanii wengine wakaona, wakataka. Mwaka huo huo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears, ambayo mwaka 2008 ilinunuliwa na Logitech.

Kalibu inavyochukuliwa

Zoezi lenyewe ni dakika chache. Mtaalamu wa masikio anakagua kwanza kama njia ni safi. Kisha anaingiza kisponji kidogo chenye uzi, kizuie majimaji yasifike kwenye ngoma ya sikio. Halafu anajaza silikoni laini kwa bomba na unasubiri igande. Wakati huo mara nyingi unaambiwa ung'ate kipande fulani ili mdomo ubaki wazi, kwa sababu taya likisogea njia ya sikio nayo inabadilika umbo. Mwimbaji aliyepimwa kafunga mdomo anaweza kujikuta monita inaachia kila akipanda noti ya juu.

Silikoni ikishatoka inapelekwa maabara, siku hizi inaskaniwa na ganda linachapwa kwa mashine ya 3D. Sikio la kulia na la kushoto hayafanani, kwa hiyo kila moja lina kalibu yake.

Mkao ndio sauti

Matangazo ya monita yanapenda kuhesabu vispika: sita, nane, kumi na mbili. Sawa, lakini ganda likiacha upenyo mdogo tu, cha kwanza kukimbia ni besi. Muziki unakuwa mwembamba kama unatoka kwenye simu, na kelele za nje zinaingia. Hapo msanii anafanya nini? Anaongeza sauti. Kifaa cha kumlinda kinageuka cha kumuumiza. Ganda linalokaa sawasawa linaweza kukata zaidi ya desibeli 20 za kelele ya nje, kwa hiyo anasikia kila kitu kwa sauti ya chini.

Ubaya wake ni kwamba mtu anajihisi kafungiwa chumbani. Mashabiki wanaimba naye, yeye hawasikii. Mafundi wajanja wanaweka maiki pembezoni mwa jukwaa zielekee kwa watu, wanammiminia kidogo ile shangwe. Wasiojua hilo ndio wanaochomoa upande mmoja. Kwenye picha inapendeza, ila ni hatari: sikio lililo wazi linapigwa na kelele zote za jukwaa, na lile lililobaki na monita linaongezewa sauti ili lishindane nazo.

Na kalibu si ya maisha. Masikio yanabadilika umbo taratibu kadiri umri na uzito unavyobadilika, kwa hiyo monita iliyokaa freshi miaka mitano iliyopita leo inaweza kuwa inavuja, na mwenyewe asijue. Anachojua ni kwamba siku hizi kila shoo anamwonyesha fundi kidole juu: ongeza. Fundi mzuri haongezi haraka. Kwanza anamuuliza mara ya mwisho alichukuliwa kalibu lini.