Tarehe ya Tiba Isiyofika Lubutu

Msafiri atokaye Kisangani akashika njia ya kusini-mashariki, ile iendayo Walikale na hatimaye Bukavu, hukata zaidi ya kilomita 200 za msitu mzito kabla ya kuwasili Lubutu, makao ya teritwari iliyo katika ncha ya kaskazini ya jimbo la Maniema, nchi ya Wakumu. Kindu, mji mkuu wa jimbo hilo, uko mbali kusini, ukingoni mwa Lualaba, na njia ya kuuendea ni ya tope na taabu, hata watu wa Lubutu aghalabu huelekeza biashara zao na wagonjwa wao Kisangani kuliko katika mji unaowatawala. Kiswahili kilifika upande huo pamoja na misafara ya pembe na ya utumwa, zama za Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye dola yake ilikuwa na kitovu chake Kasongo. Na Wabelgiji walipouteka mji huo mwaka 1893, mabwana walibadilika na lugha ikabaki.

Nia yangu ni kueleza kwa sababu gani mwanamke wa nchi hiyo aliyepatwa na saratani ya mlango wa kizazi, maradhi ambayo kwingineko yamekwisha kuwa ya kuzuilika na, yakiwahiwa, ya kuponyeka, bado hufa nayo kitandani kwake bila ya kumwona tabibu ayajuaye. Wako wasemao kuwa sababu ni ujinga. Wako wasemao ni umaskini, kana kwamba umaskini ni mvua inyeshayo bila ya kuitwa na mtu. Mimi nadai kuwa umbali ulio kati ya mwanamke huyo na tiba ulijengwa, tena kwa muda mrefu, na watu waliokuwa na hesabu zao, na kwamba katika hesabu hizo mwanamke aliandikwa kwa sababu moja tu: alikuwa mzazi wa watu wa kazi.

Hatuna budi tuanze mbali kidogo, huko Katanga. Mwaka 1915 paligunduliwa Shinkolobwe madini ya urani yenye radiamu nyingi isiyo na mfano, na ilipofika mwaka 1922 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na kiwanda chake Olen, Ubelgiji, cha kuichuja. Kabla ya hapo Wamarekani ndio waliokuwa wakuu wa biashara hiyo, na gramu moja iliuzwa kwa dola 100,000 na zaidi. Wabelgiji wakaishusha bei hata kiasi cha dola 70,000, migodi ya Marekani ikafungwa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiamu ya ulimwengu ikawa ni mali itokayo katika udongo wa Kongo. Baadhi yake ilitumika kwa mambo ya upuuzi, kama vile kupaka mishale ya saa ing'ae gizani. Walakini kazi yake tukufu ilikuwa hospitalini, na katika kazi za hospitalini ni chache zilizofanikiwa kama tiba ya saratani ya mlango wa kizazi. Matabibu wa Stockholm walitunga njia yao ya kutia mirija midogo ya radiamu katika mji wa mimba, wa Paris wakatunga yao, na wanawake ambao zamani walikuwa wakikatiwa tamaa wakaanza kuishi. Hata Shirikisho la Mataifa, pale Geneva, likaunda kamati ya kukusanya na kulinganisha matokeo ya tiba hiyo kutoka hospitali za Ulaya. Basi yumkini mwanamke wa Stockholm katika mwaka 1930 aliponywa na chembe iliyochimbwa na Mkongo kwa ujira wa senti, ilhali mwanamke wa Lubutu mwenye maradhi yale yale, katika koloni lile lile lililoitoa radiamu, hakuletewa hata punje yake. Sijui kisa kingine katika tarehe ya tiba kinachoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mali inavyoweza kutoka mahali na manufaa yake yasirudi.

Isidhaniwe kuwa Wabelgiji hawakuleta utabibu. Waliuleta, tena kwa nguvu. Malale yalikuwa yakiangamiza watu, na serikali ikatuma misheni za matabibu vijijini, watu wakapangwa safu, wakapapaswa tezi za shingo, wakadungwa sindano, na waliokutwa na ugonjwa wakapelekwa lazareti, yaani hospitali za kuwatenga. Dawa ya kwanza, atoxyl, iliwapofusha wengine. Baadaye yakaja madini. Kampuni ya Symétain, iliyochimba bati Kalima, ilikuwa na hospitali kwa ajili ya wafanyakazi wake na aila zao, maana mchimbaji mgonjwa ni hasara. Na reli iliyofungua njia baina ya Kindu na Kongolo ilihitaji nayo watu wazima wa siha. Kisha wakubwa wa koloni wakaingiwa na hofu ya kuwa kizazi kinapungua, na kwa hofu hiyo mwanamke akaonekana kwa mara ya kwanza. Yakusu, karibu na Kisangani, ambako tabibu Mwingereza Clement Chesterman alifika mwaka 1920 kuitumikia misheni ya Wabaptisti, uzazi wa hospitalini ukawa miongoni mwa kazi kubwa za misheni, na habari zake zimeandikwa kwa urefu na mwanahistoria Nancy Rose Hunt katika kitabu alichokitoa mwaka 1999. Mama alipimwa, akazalishwa, mtoto akapimwa uzito. Ni mambo mema, wala siyabezi. Lakini mwanamke aliyekwisha kuzaa, naye ndiye saratani hii humwandama, maana huchukua miaka kumi, kumi na mitano, ishirini kuiva, huyo hakuwa na safu ya kusimama.

Lubutu yenyewe haikuwa mji wa mgodi mkubwa wala wa reli, na yaliyoifikia kutoka kwa serikali yalikuwa zaidi amri kuliko ihsani. Wakati wa vita vya pili vya dunia wanakijiji walishurutishwa kuingia msituni kutafuta mpira kwa ajili ya majeshi ya washirika, juu ya kazi za barabara na kodi. Na mwaka 1944 Wakumu wa pande za Masisi na Lubutu wakaasi, wakiongozwa na Bushiri Lungundu, mtu wa dini ya Kitawala, aliyewahubiria kuwa utawala wa wazungu umekwisha. Uasi ukazimwa kwa damu. Baada ya vita serikali ilitunga mpango wa miaka kumi, 1949 hadi 1959, uliojenga hospitali nyingi bara, na kwa majengo Kongo ikasifiwa kuwa ya mbele katika Afrika. Sifa hiyo ilificha jambo moja: siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na tabibu Mkongo hata mmoja mwenye shahada kamili. Walikuwapo wasaidizi wa matabibu, watu hodari, ambao Shirika la Afya Duniani lilihimiza wapelekwe Ufaransa kumalizia masomo. Matabibu wa kizungu wengi walikwisha kufunga safari za kwao.

Hapo ndipo njia mbili, ya mwanamke wa Ulaya na ya mwanamke wa Lubutu, zilipoachana kabisa. George Papanicolaou alikuwa amekwisha kuonyesha, tangu miaka ya 1940, kuwa chembe zilizokwanguliwa mlangoni mwa kizazi zaweza kutangaza saratani kabla haijawa saratani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ufini ikaanza kuwaita wanawake wake, tajiri na fukara, kwa barua, waje wapimwe bila malipo, vifo vikashuka. Katika miaka hiyo hiyo Maniema ilikuwa motoni: Julai 1964 waasi walioitwa Wasimba waliingia Kindu, na Novemba mji ukatekwa tena na askari wa serikali wakiongozwa na mamluki.

Maniema, hata hivyo, ilipata baadaye heshima yake katika elimu ya afya. Kuanzia miaka ya 1970, Kasongo, katika mji ule ule wa Tippu Tip, Wabelgiji wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp pamoja na wenyeji walijaribu mpango wa vituo vidogo vya afya vinavyoendeshwa na wauguzi, vikitegemea hospitali moja ya rufaa, na mpango huo ukawa kigezo kilichosomwa na wengi. Nchi nayo, iliyoitwa Zaire wakati huo, ikagawanywa katika maeneo ya afya 306. Mimi huwasifu watu wa Kasongo. Walakini ukisoma walichokipima utaona ni surua, ni watoto, ni uzazi. Kisha serikali ikaacha kulipa mishahara, na vituo vikaanza kuishi kwa fedha za wagonjwa. Tangu hapo hospitali nyingi za Kongo humzuia aliyetibiwa asitoke mpaka ndugu zake walete deni, na mwanamke ajuaye hayo hungoja hata damu iwe haizuiliki.

Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi wa Kinyarwanda, makumi ya maelfu, walipiga kambi Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, na barabara ikageuzwa kuwa uwanja wa ndege. Kwa miezi michache kukawa na madaktari wa kigeni, dawa, na ndege zikishuka pale ambapo hata lori lilikuwa nadra. Mapema Machi 1997 jeshi la waasi lilikwisha kuiteka kambi, wengi walikufa, na madaktari wakaondoka. Vita vya pili vikaja mwaka 1998. Mwaka 2005 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima vifo na upatikanaji wa tiba katika maeneo matano ya Kongo, Lubutu likiwa mojawapo, na halafu likaiauni hospitali ya Lubutu kwa miaka kadhaa, tiba ikiwa bure. Watu wakafurika. Ujinga gani, basi, uliowazuia kabla ya hapo? Lakini shirika la dharura nalo lina saa yake, nayo ikifika huondoka, na saratani ya mlango wa kizazi haina dharura mpaka siku ambayo haina tena dawa.

Yanayompata mwanamke huyo yajulikana. Huona damu baada ya kulala na mumewe, au baada ya ada yake kukoma miaka mingi. Husitiri, maana ni jambo la aibu. Harufu ikianza, wapo wasemao amerogwa, na mume huenda akamrudisha kwa wazazi wake. Wakati mlango wa kizazi ungali umeshikwa sehemu ndogo, mpasuaji mzuri aweza kumponya. Baada ya hapo ni mionzi, nayo haipatikani Lubutu, wala Kindu, wala Kisangani. Hata nje ya Kongo njia ni nyembamba: mashine ya mionzi ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ambayo mamilioni waliitegemea, iliharibika mwaka 2016, na wagonjwa wakabaki kwa muda bila ya pa kwenda. Kobalti, nikumbushe, ni madini ambayo Kongo huyatoa, huko Katanga, kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Leo sababu ya maradhi haya imekwisha kujulikana. Harald zur Hausen alionyesha katika miaka ya 1980 kuwa ni kirusi, na chanjo ikapatikana mwaka 2006. Rwanda iliwapa wasichana wake tangu 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019, na Kongo ikabaki nyuma ya nchi hizo zote. Mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa saratani hii duniani, na katika kila mia, 94 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2023 serikali ya Kinshasa ilitangaza uzazi wa bure, ukianzia mji mkuu. Ni heri kubwa, lakini ni ile safu ya zamani ikirefushwa, nayo bado huishia kwa mtoto. Kupima kwenyewe hakuhitaji jumba: muuguzi aliyefunzwa, taa, na siki, ambayo ikipakwa huliacha jeupe doa lenye hatari, na doa dogo huunguzwa kwa joto siku ile ile. Kwa aliyechelewa, muuguzi hana budi kuandika barua ya rufaa ya kumpeleka Kinshasa kwa ndege, au Kampala, au taasisi ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam, na nauli ni ya mgonjwa.