Moods of the Sea

Moods of the Sea (kwa Kiswahili tungesema "Hali za Bahari") ni filamu fupi ya majaribio iliyotengenezwa nchini Marekani mwaka 1941 na Slavko Vorkapich pamoja na John Hoffman. Huchukua takriban dakika kumi, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na haina waigizaji, hadithi wala msimulizi. Mtazamaji huona mawimbi, miamba, shakwe na sili, huku okestra ikipiga uvertura ya Felix Mendelssohn iitwayo *The Hebrides*, inayojulikana pia kwa jina la Pango la Fingal.

Katika filamu nyingi mtunzi wa muziki huitwa mwishoni, picha zikiwa zimekwisha kupangwa. Hapa mambo yaligeuzwa. Muziki ulikuwepo zaidi ya miaka mia moja kabla ya filamu, nao haukuweza kurefushwa wala kufupishwa. Picha ndizo zilizolazimika kuufuata.

== Muziki ==

Mendelssohn, mtunzi kutoka Ujerumani, alitembelea visiwa vya Hebrides, magharibi mwa Uskoti, mwezi Agosti 1829 akiwa na umri wa miaka 20. Katika kisiwa kidogo cha Staffa kuna pango lenye nguzo za mawe ya basalti ambamo maji ya bahari huingia na kuvuma. Watu wengi husimulia kwamba wazo la muziki lilimjia humo pangoni. Hata hivyo, barua aliyowaandikia jamaa zake, yenye mwanzo wa uvertura hiyo, ni ya tarehe 7 Agosti, yaani siku moja kabla hajaliona pango lenyewe. Kwa hiyo muziki huu ulianza na bahari na visiwa; jina la pango lilifuata baadaye. Ulipigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 14 Mei 1832.

Uvertura kwa asili ni muziki wa okestra wa kufungulia opera, lakini hii haina opera nyuma yake. Huanza kwa sauti za chini zinazorudiarudia umbo moja dogo, hupanda hadi kufikia kishindo, kisha huishia kwa upole.

== Watengenezaji ==

Vorkapich alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Dobrinci, ambacho leo kimo nchini Serbia. Alisomea uchoraji kabla ya kuhamia Marekani. Mwaka 1928 alishirikiana na Robert Florey kutengeneza *The Life and Death of 9413: a Hollywood Extra*, filamu fupi ya gharama ndogo sana iliyowashangaza wakubwa wa Hollywood.

Baada ya hapo makampuni makubwa yalimtumia kama fundi wa montaji, yaani vipande vya picha zinazopita haraka ili kuonyesha vita, njaa, safari au miaka inayokwenda. Kazi yake imo katika *The Good Earth* (1937) na *Mr. Smith Goes to Washington* (1939). Jina lake lilizoeleka hata waandishi wa miswada wakaandika tu "Vorkapich" mahali palipohitaji kipande cha namna hiyo. Hoffman naye alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo, na anakumbukwa kwa tetemeko la ardhi katika *San Francisco* (1936).

Ni vema kuzingatia jambo hili. Watu hawa wawili walilipwa kutengeneza dakika moja au mbili ndani ya filamu za wengine. Katika Moods of the Sea walikuwa na dakika kumi zao wenyewe.

== Picha na muziki ==

Picha hazikupigwa Uskoti bali kwenye pwani ya California, katika Bahari ya Pasifiki. Kwa filamu ya elimu hilo lingekuwa kosa, lakini hii haidai kumwonyesha mtazamaji mahali fulani. Vorkapich aliamini kwamba lugha halisi ya sinema ni mwendo, na kwamba filamu nyingi ni tamthilia tu zilizonakiliwa na kamera. Kinachotafutwa hapa ni mwendo wa maji unaolingana na mwendo wa sauti: okestra ikitulia maji hutulia, ikivuma mawimbi hupasuka juu ya miamba.

Ulinganifu huo pia ni udhaifu wake. Pale kila kishindo kinapopokelewa na wimbi, mtazamaji huanza kubashiri kitakachofuata. Sehemu za shakwe zina uhuru zaidi, kwa kuwa ndege anayeelea hewani huufuata wimbo bila kulazimika kugonga chochote.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Nchini Ufaransa Germaine Dulac alikuwa amejaribu jambo la karibu na hilo mwaka 1929, katika filamu isiyo na sauti iliyotokana na muziki wa Debussy. Mwaka 1940 Walt Disney alitoa *Fantasia*, iliyotumia michoro. Vorkapich na Hoffman hawakuchora kitu; iliwabidi kungoja bahari iwape picha, kisha kuzikata na kuziunganisha.

== Baadaye ==

Wawili hao walishirikiana tena katika *Forest Murmurs* (1947), safari hii wakitumia picha za msituni na muziki wa Richard Wagner kutoka opera *Siegfried*. Vorkapich aliongoza idara ya filamu ya Chuo Kikuu cha Southern California kuanzia 1949 hadi 1951, na alifariki nchini Hispania mwaka 1976.